Kipimo cha uloto katika kutafuta saratani ya damu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wagonjwa na ndugu mkoani Tanga

Maelezo haya yameandaliwa kwa ajili ya wakazi wa Tanga mjini, Muheza, Pangani, Korogwe, Lushoto na kwingineko mkoani ambao wao wenyewe, au jamaa zao, wameambiwa kwamba wanahitaji kuchukuliwa uloto. Hayachukui nafasi ya mazungumzo na daktari anayekutibu, kwa kuwa yeye ndiye anayejua hali yako, lakini yatakusaidia kujua la kumuuliza.

Uloto ni nini, na unahusianaje na saratani ya damu?

Uloto, ambao wengine huuita uboho, ni tishu laini iliyomo ndani ya mifupa, na ndimo zinamozalishwa seli nyekundu zinazobeba hewa ya oksijeni, seli nyeupe zinazopambana na maradhi, na chembe sahani zinazozuia damu isivuje. Kazi hiyo haina mapumziko. Seli nyekundu huishi siku 120 hivi na chembe sahani huishi siku 7 hadi 10 tu, kwa hiyo uloto wa mtu mzima hulazimika kutoa takribani seli nyekundu milioni 2 kila sekunde ili kufidia zinazokufa.

Saratani nyingi za damu huanzia humo humo. Katika lukemia kali, seli changa ambazo hazikomai huongezeka mpaka zikazibana seli za kawaida. Katika mayeloma, seli za plazima ndizo zinazozidi kiasi na kuila mifupa. Na limfoma, ingawa mara nyingi huanzia kwenye tezi, inaweza kuhamia kwenye uloto baadaye. Seli za kawaida zikikosa nafasi, mgonjwa huishiwa damu, huandamwa na homa na maambukizi, hupata michubuko bila kuumia, au hutokwa na damu puani na kwenye ufizi.

Daktari ameandika nichukuliwe uloto. Je, maana yake ni kwamba tayari nina saratani?

Hapana. Kipimo hiki huagizwa pia kwa sababu ambazo hazina uhusiano wowote na saratani, kama vile upungufu mkubwa wa vitamini B12, uloto ulioacha kuzalisha damu, au kifua kikuu kilichosambaa mwilini. Katika mkoa wetu, mtu mwenye homa, upungufu wa damu na bandama iliyovimba hupimwa kwanza malaria, VVU na selimundu, na utaratibu huo ni sahihi. Uloto huangaliwa pale ambapo maradhi ya kawaida yameshatazamwa na bado picha ya damu haielezeki, hasa ikiwa aina mbili au tatu za seli zimepungua kwa wakati mmoja, au ikiwa mtaalamu wa maabara ameona kwenye slaidi ya damu seli ambazo hazipaswi kuwa nje ya mfupa.

Nimeshatolewa damu mara nyingi. Kwa nini damu ya mkononi isitoshe?

Wakati mwingine inatosha. Lukemia sugu ya aina ya mailoidi, kwa mfano, hutambulishwa na kasoro ya kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli) iliyogunduliwa mwaka 1960 katika mji wa Philadelphia na ambayo hadi leo inaitwa kwa jina la mji huo, na kasoro hiyo hupatikana hata katika damu ya kawaida ya mshipani. Lukemia sugu ya limfosaiti nayo mara nyingi huthibitishwa kwa damu peke yake. Si vibaya kumuuliza daktari kwa heshima kama swali analotafuta jibu lake haliwezi kujibiwa na damu.

Kwa magonjwa mengine, damu huonyesha kilichovuka ukuta wa mfupa tu. Mtu anaweza kuwa na uloto uliojaa seli za saratani huku damu yake ikionyesha upungufu tu, bila hata seli moja mbaya. Kipimo cha picha kamili ya damu, ambacho maabara zetu hukiita FBP, huhesabu seli zilizotoka. Hakisemi kwa nini nyingine hazikutoka.

Naambiwa nitafanyiwa vitu viwili, kunyonywa uloto na kuchukuliwa kinyama. Tofauti yake ni nini, na kwa nini vyote viwili?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote katika ukurasa huu, na ningetamani kila mgonjwa alielewe kabla hajalala kitandani.

Njia ya kwanza ni kunyonya. Sindano nene yenye kijiti cha chuma ndani yake hupenyezwa hadi katikati ya mfupa, kijiti hutolewa, bomba la sindano hupachikwa, na uloto huvutwa ukiwa majimaji mekundu. Mvuto wa kwanza ndio wenye thamani kubwa, na unapaswa kuwa mdogo sana, baina ya robo na nusu mililita, au isizidi mililita moja. Ukivuta zaidi ya hapo kwa pupa, damu ya kawaida hukimbilia ndani ya bomba na kuuzimua uloto, na msomaji wa slaidi hubaki anatazama damu huku akiamini anatazama uloto. Kwa sababu hiyo, mtaalamu makini humimina tone hilo la kwanza juu ya kioo, akakiinamisha kidogo, akaangalia kama kuna vipunje vidogo vyenye kung'aa kwa mafuta vinavyobaki nyuma damu inapotiririka. Vipunje hivyo ndivyo uloto wenyewe. Huvichukua upesi kabla damu haijaganda na kuvitandaza kwenye slaidi kadhaa. Baada ya hapo ndipo huvutwa tena kiasi kingine kwa ajili ya vipimo vya ziada: cha chupa yenye kifuniko cha zambarau kwa ajili ya kutambua alama zilizo juu ya seli, na cha chupa yenye heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa ajili ya uchunguzi wa kromosomu.

Njia ya pili ni kuchukua kinyama, yaani kipande kizima cha mfupa pamoja na uloto uliomo. Sindano inayotumika ni nene zaidi na ncha yake imebanwa kidogo, ili kipande kikishaingia kisiteleze kurudi. Kinachotoka ni kijiti chembamba kama cha kibiriti, ambacho kwa viwango vinavyokubalika kimataifa kinapaswa kufikia urefu wa sentimita 2 hivi. Hiki huwekwa kwenye formalini, yaani dawa ya maji inayokihifadhi kisioze, na kupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia.

Kila njia ina jibu lake. Kunyonya huonyesha sura ya kila seli kwa undani: kiini chake, chembechembe zilizomo, umri wake. Lakini seli zikishavutwa zimetoka mahali pake, na hatuwezi tena kujua zilikuwa zimepangwa vipi. Kinyama huonyesha mpangilio: uloto umejaa kiasi gani, mafuta ni mengi kiasi gani, kuna makovu, kuna mafungu ya seli za limfoma yaliyojibanza kando ya vijiti vya mfupa. Mafungu ya namna hiyo mara nyingi hukataa kuvutika kwa sindano, kwa hiyo mgonjwa wa limfoma anaweza kupata majibu safi ya uloto ulionyonywa huku kinyama chake kikionyesha ugonjwa. Kwa anayeshukiwa lukemia kali mwenye seli nyingi mbaya tayari kwenye damu, kunyonya peke yake huweza kutosha. Kwa limfoma, mayeloma, au uloto unaoonekana umekauka, mimi nisingeridhika na nusu ya kipimo.

Wanachukua sehemu gani ya mwili?

Kwa mtu mzima sehemu inayopendelewa ni mfupa wa nyonga kwa upande wa nyuma, kwenye kinundu kilicho karibu na vile vishimo viwili vinavyoonekana juu ya makalio. Mfupa hapo ni mpana, uko karibu na ngozi, na hauna mshipa mkubwa wala kiungo nyeti karibu yake. Mgonjwa hulala kwa ubavu akiwa amekunja magoti kuelekea kifuani, au hulala kifudifudi.

Mfupa wa kidari huweza kunyonywa kwa mtu mzima ikiwa nyonga haifikiki, pengine kwa sababu ya unene uliopita kiasi au kwa sababu eneo hilo lilishapigwa mionzi. Kinyama hakichukuliwi hapo hata siku moja, kwa kuwa nyuma ya kidari kuna moyo na mishipa mikubwa, na mfupa wenyewe ni mwembamba. Wagonjwa wanaoshukiwa mayeloma huepushwa kabisa na kidari, maana ugonjwa huo huudhoofisha mfupa. Kwa mtoto mchanga, mfupa wa muundi huweza kutumika, kwa sababu katika umri huo mifupa karibu yote bado ina uloto unaozalisha damu.

Nimesikia kwamba ukichomwa mgongoni unapooza, au nguvu za kiume zinaisha. Ni kweli?

Hofu hii tunaisikia mno, na imewafanya watu waondoke hospitali usiku wakarudi nyumbani na ugonjwa wao. Kinachochomwa si uti wa mgongo. Kwa mtu mzima uti wenyewe huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, ilhali sindano ya uloto huingia chini ya hapo na pembeni, kwenye mfupa wa nyonga, na ncha yake huelekezwa mbali na katikati ya mgongo. Haina njia ya kufika kwenye uti, na haigusi chochote kinachohusika na uzazi wala nguvu za mwanamume.

Mkanganyiko unatokana na kipimo kingine cha maji ya uti wa mgongo, kinachofanywa kwa wanaoshukiwa homa ya uti wa mgongo, na ambacho baadhi ya wagonjwa wa lukemia hufanyiwa pia ili kujua kama ugonjwa umefika kwenye ubongo. Hicho nacho, kikifanywa na mwenye ujuzi, ni salama, lakini ni kipimo tofauti na mgonjwa anastahili kuambiwa siku hiyo anafanyiwa kipi.

Uloto wangu hautaisha?

Kinachochukuliwa ni mililita chache. Uloto hujirudishia wenyewe, na mtu anaweza kupimwa mara nyingi katika matibabu yake bila kupungukiwa.

Inauma kiasi gani? Nitalazwa nusu kaputi?

Inauma, na si haki kumwambia mgonjwa kwamba hatasikia chochote. Ni afadhali ajue kila hatua ina maumivu gani. Kwanza utachomwa ganzi kwenye ngozi, nayo huwasha kama ganzi ya jino, kisha ganzi hiyo hupelekwa mpaka kwenye utando unaoufunika mfupa, ambao ndio wenye neva nyingi. Daktari anapaswa kusubiri dakika kadhaa ishike. Ukiona anaanza mara moja, una haki ya kumwomba asubiri kidogo. Baada ya hapo sindano inapopenya utasikia kusukumwa na kuzungushwa, lakini si ukali wa kisu. Sehemu ngumu ni sekunde za kunyonya. Ganzi haifiki ndani ya mfupa, na uloto unapovutwa watu wengi husikia mvuto mkali unaoshuka hadi pajani, kisha unakatika palepale bomba linapoachwa. Mtaalamu mzuri humwambia mgonjwa, "Sasa navuta," ili asishtuke akajitikisa.

Nusu kaputi si lazima kwa mtu mzima. Pale penye daktari wa usingizi na vifaa vya kumwangalia mgonjwa, mwenye hofu kubwa anaweza kupewa dawa ya kumtuliza. Kazi nzima, tangu kusafisha ngozi hadi kubandika bandeji, huchukua dakika 20 hadi 30, na muda ambao sindano imo ndani ya mfupa ni mfupi zaidi ya huo.

Mtoto wangu ana miaka minne. Atashikwa kwa nguvu?

Watoto hupewa dawa ya usingizi, mara nyingi ketamini, ili wasisikie wala wasikumbuke. Kwa hiyo mtoto hutakiwa kufunga kula kwa saa ambazo mtatajiwa, na agizo hilo lifuatwe kikamilifu hata kama analia njaa, kwa sababu tumbo lenye chakula ni hatari wakati wa usingizi wa dawa. Mama au baba aulize kama ataruhusiwa kuwa pembeni mpaka mtoto asinzie.

Nifanye nini kabla ya siku ya kipimo?

Mweleze daktari dawa zote unazotumia, zikiwamo za kununua dukani na za miti shamba. Warfarini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda huhitaji mpango maalumu. Usiziache mwenyewe bila kuambiwa, kwani kuziacha kuna hatari yake. Sema pia kama uliwahi kudhurika na ganzi, kama una ujauzito, na kama katika familia yenu kuna watu wanaovuja damu kupita kiasi wakitahiriwa au waking'olewa jino. Mtu mwenye himofilia hupewa kwanza dawa inayofidia kile damu yake inachokosa. Chembe sahani kuwa chache, kwa upande mwingine, hakuzuii kipimo. Jeraha litabanwa kwa muda mrefu zaidi.

Mtu mzima asiyelazwa usingizi anaweza kula kama kawaida. Vaa nguo inayolegea kiunoni. Kina mama wengi huja na kanga mbili, moja ya kujifunga na nyingine ya kujifunika mabegani, na huo ni utaratibu mzuri kwa kuwa linahitaji kufunuliwa eneo dogo tu la nyonga. Ukipenda mhudumu wa kike awepo chumbani, liseme mapema, tangu unapopangiwa tarehe.

Kuna dawa inayoweza kuharibu majibu?

Ipo, na hailaumiwi vya kutosha. Prednisoloni na deksamethasoni huua seli za baadhi ya lukemia na limfoma kwa haraka. Mgonjwa aliyepewa vidonge hivyo kwa siku chache kwa sababu ya uvimbe wa tezi, pumu au "mzio", kisha akapimwa uloto, anaweza kuonekana hana ugonjwa, au akaonekana ana kitu kisichoeleweka, huku saratani imejificha tu na itarudi. Vidonge hivi hununuliwa kirahisi mno. Ikiwa umekwisha kuvimeza, taja jina na siku ulipoanza. Jambo hilo likijulikana, msomaji wa slaidi atayasoma majibu kwa tahadhari inayostahili.

Niko kwenye mfungo wa Ramadhani. Je, kipimo kinatengua saumu? Na baada yake nitatawadha vipi?

Kwa upande wa tiba, hakuna kinachomlazimu mtu mzima kula kabla ya kuchomwa ganzi ya kawaida. Kwa upande wa sheria, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1997 liliyahesabu miongoni mwa yasiyotengua saumu sindano za tiba zisizo za lishe, pamoja na kuchukua sampuli ya ini au kiungo kingine. Aliye dhaifu kwa ugonjwa ana ruhusa yake inayojulikana, na mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Bandeji iko juu ya makalio, na hapo si mahali pa udhu, kwa hiyo kutawadha hakuna tatizo. Kinachohitaji tahadhari ni josho la mwili mzima, kwa kuwa jeraha linatakiwa libaki kavu kwa saa 24. Kurukuu na kusujudu kunaweza kuuma siku mbili tatu. Kuswali kwa kukaa ni sawa ikiwa maumivu yanakuzidi.

Hatari zake ni zipi?

Kubwa ni kutokwa na damu, kisha maambukizi kwenye jeraha, nayo yote ni nadra. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2003, uliokusanya taarifa za hospitali nyingi kwa miaka kadhaa, uliripoti madhara 26 katika vipimo vinavyokadiriwa kuwa 54,890. Mengi ya hayo yalikuwa ya kuvuja damu, na yalijitokeza zaidi kwa watu waliokuwa na sababu ya kuvuja, kama vile dawa za kuzuia kuganda au chembe sahani zisizofanya kazi vizuri. Rudi hospitali haraka endapo damu itaendelea kuloanisha bandeji hata baada ya kubanwa, ukipata homa, usaha au uvimbe unaokua, au mguu ukifa ganzi.

Daktari alisema sindano ilitoka kavu. Alikosea?

Huenda hakukosea hata kidogo. Kuna magonjwa yanayoufanya uloto usivutike: makovu yaliyojaa ndani ya mfupa, lukemia ya seli zenye nywele, au uloto ulioshindiliwa seli mpaka hakuna kinachosogea. Ukavu huo ni dalili, na unapaswa kuandikwa kwenye ripoti. Kinachofuata ni kuchukua kinyama, na kabla hakijatumbukizwa kwenye formalini, kukigusisha au kukiviringisha taratibu juu ya slaidi safi ili kiache alama ya seli zake. Hatua hiyo haigharimu chochote, na inaweza kuokoa safari nzima ya mgonjwa aliyetoka Handeni. Ikishasahauliwa haiwezi kurudishwa, kwa maana formalini ikishaingia seli hazipokei rangi ileile.

Kwa nini majibu yanachukua muda mrefu?

Slaidi za uloto ulionyonywa hukaushwa, hutiwa rangi na kusomwa hata siku hiyohiyo iwapo msomaji yupo. Anayesoma kwa ukamilifu huhesabu seli 500, moja baada ya nyingine, na kazi hiyo haiharakishwi. Slaidi moja hutiwa rangi ya kutafuta akiba ya chuma. Kinyama kina safari yake: lazima kiive kwenye formalini, kisha kiondolewe madini ya mfupa kwa asidi au dawa nyingine mpaka kilainike, kigandishwe kwenye nta, kikatwe vipande vyembamba mno na kutiwa rangi. Kikilainishwa kwa pupa na asidi kali huharibika, na baadhi ya vipimo vya vinasaba haviwezekani tena. Wiki moja hadi mbili ni jambo la kawaida, na uchunguzi wa kromosomu huchukua zaidi, kwa kuwa seli hukuzwa kwanza maabara.

Nisomeje karatasi ya majibu?

Isome pamoja na daktari. Lakini ujue mambo machache. Katika uloto wa kawaida seli changa huwa chini ya asilimia 5; zikifikia asilimia 20 au zaidi, kwa kawaida ugonjwa huitwa lukemia kali ya mailoidi, ingawa kasoro fulani za vinasaba hutosha kuipa jina hilo hata zikiwa chache kuliko hapo. Seli za plazima zikifikia asilimia 10, mayeloma hufikiriwa, lakini haithibitishwi mpaka ziangaliwe pia figo, mifupa, kalsiamu na wingi wa damu. Tafuta kwenye ripoti mahali palipoandikwa ubora wa sampuli: kama vipunje vilikuwapo, na kinyama kilikuwa na urefu gani. Ripoti inayosema "hakuna ugonjwa" kwa sampuli iliyozimuliwa na damu haijasema lolote, na kurudia kipimo katika hali hiyo ni jambo la busara.

Mimi naishi Tanga. Nitafanyiwa wapi?

Safari huanzia kwenye kituo chako cha afya au hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, ambapo picha ya damu hurudiwa na barua ya rufaa huandikwa. Kwa uchunguzi kamili wa saratani ya damu, wengi huelekezwa KCMC mjini Moshi au Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam, na Taasisi ya Saratani Ocean Road ni sehemu ya mlolongo huohuo wa matibabu. Ukifika Segera ndipo njia hugawanyika, ya kaskazini kupitia Korogwe na Same, ya kusini kupitia Chalinze, na umbali wa kila upande haupishani sana; kwa hiyo chagua penye ndugu wa kukupokea, kwa sababu matibabu ya lukemia ni ya miezi mingi. Beba barua ya rufaa, kadi ya bima kama unayo, na majibu yako yote ya zamani, hata yale yaliyoandikwa kwenye daftari la kliniki. Namba za damu za miezi sita iliyopita humweleza bingwa wa damu kasi ya ugonjwa, na hakuna mashine inayoweza kumpa habari hiyo.

Naweza kupanda basi siku hiyohiyo?

Baada ya kipimo jeraha hubanwa kwa dakika kadhaa, kisha mgonjwa hulalia mgongo kwa nusu saa hivi ili uzito wa mwili uendelee kulibana. Bandeji ikibaki kavu unaweza kuondoka na ndugu. Hata hivyo, kukaa kitako saa sita kwenye kiti cha basi juu ya nyonga iliyotobolewa ni mateso yasiyo ya lazima, na ukivuja njiani hapatakuwa na wa kukubana. Lala usiku mmoja kwa jamaa. Kwa maumivu tumia parasetamoli. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziache mpaka daktari aseme, kwani hudhoofisha chembe sahani. Usibebe gunia wala ndoo kichwani kwa siku mbili.

Sindano hizi ni teknolojia mpya?

Si mpya. Mrusi Mikhail Arinkin alieleza njia ya kunyonya uloto wa kidari mwaka 1927, na sindano ya kuchukua kinyama inayotumika sehemu nyingi hadi leo ina jina la Khosrow Jamshidi, aliyeieleza mwaka 1971. Siku hizi kuna pia sindano zinazozungushwa na mota ya betri, lakini mkono uliozoea bado unatosha.

Kwa nini nirudie baada ya kuanza matibabu?

Damu inaweza kuwa imetulia huku uloto bado una mabaki. Katika lukemia kali, uloto huangaliwa tena mwishoni mwa awamu ya kwanza ya dawa, na jibu lake ndilo huamua kama mpango uendelee vilevile au uongezewe nguvu. Mgonjwa anayekwepa kipimo hiki kwa sababu anajisikia vizuri humwacha daktari wake akitibu kwa kukisia.

Je, ninaweza kuomba slaidi zangu zikasomwe mahali pengine?

Unaweza. Slaidi zilizotiwa rangi vizuri hudumu miaka, na kipande cha nta chenye kinyama chako kinaweza kukatwa tena na kufanyiwa vipimo ambavyo havikufanywa mara ya kwanza, bila wewe kuchomwa upya. Omba kwa maandishi kupitia daktari wako, chukua nakala ya ripoti pamoja na namba ya maabara iliyoandikwa juu yake, na slaidi zisafirishwe ndani ya kisanduku kigumu chenye vibao vya kuzitenganisha. Zikisafiri kwa basi, zibaki mikononi mwa abiria unayemwamini. Zisiwekwe kwenye buti pamoja na mizigo.